Jimbo likikataa sheria ya bunduki ya Washington, wewe unasimama wapi?

SWALI: Naishi Kansas City, upande wa Missouri, na nina grini kadi. Kazi yangu ya kupeleka vifurushi hunivusha kwenda Kansas kila siku. Wenzangu kazini wanasema Missouri ilipitisha sheria ya kuzikataa sheria za bunduki za serikali kuu, na kwamba hapa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia sheria za bunduki, hawana nguvu. Wengine wanasema mahakama iliifuta. Nataka kununua bastola ya kujilinda. Ni kweli kwamba kiwambo cha kuzuia sauti kilichotengenezwa hapahapa jimboni hakisajiliwi? Na binamu yangu anayeishi nami, yuko hapa kwa visa ya mwanafunzi, naweza kwenda naye kulenga shabaha?

JIBU: Inayokushika ni sheria ya serikali kuu, yote, uwe Missouri au umevuka kwenda Kansas. Kiwambo lazima kisajiliwe ATF hata kama fundi aliyekitengeneza anaishi mtaa wa pili. Na binamu yako, kwa visa yake ya mwanafunzi, haruhusiwi kushika bunduki wala risasi hata kwa dakika moja uwanjani, isipokuwa awe na leseni ya uwindaji iliyo hai, iliyotolewa na jimbo la Marekani. Sasa nieleze sababu, maana wenzako kazini hawakusema uongo mtupu. Wameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeshawaponza watu.

Nusu yenyewe ni hii. Katiba ya Marekani hairuhusu serikali kuu kuwageuza maofisa wa jimbo kuwa watumishi wake. Mwaka 1993 Congress ilipitisha Sheria ya Brady, iliyotaka mnunuzi wa bastola achunguzwe kabla ya kukabidhiwa silaha. Mfumo wa kompyuta wa FBI ulikuwa bado haujawa tayari, kwa hiyo katika kipindi cha mpito kazi hiyo walibebeshwa wakuu wa polisi wa maeneo. Masherifu wawili, Jay Printz wa kaunti ya Ravalli, Montana, na Richard Mack wa kaunti ya Graham, Arizona, waligoma wakaenda mahakamani. Juni 27, 1997, Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4, hukumu ikiandikwa na Jaji Antonin Scalia: Washington haiwezi kumwamuru sherifu atekeleze mpango wake. Ikitaka kazi ifanyike, itume watu wake na itumie fedha zake.

Kwa aliyekulia Kenya au Tanzania jambo hili ni geni kabisa. Kenya ina kaunti 47, lakini polisi ni wa taifa, na leseni ya silaha hutolewa na bodi ya taifa. Gavana akiichukia sheria ya silaha, hana polisi wa kuwazuia wasiitekeleze. Marekani mambo ni kinyume. Polisi wa mji hulipwa na mji, sherifu huchaguliwa na wananchi wa kaunti yake, askari wa barabara kuu ni wa jimbo, na hakuna hata mmoja wao anayepokea amri kwa rais. Serikali kuu ina maofisa wake, ATF, FBI na wengine, ila ni wachache mno kwa nchi kubwa namna ile. Katika kesi za kila siku hutegemea polisi wa mitaa: ndio wanaosimamisha magari, ndio wanaookota maganda ya risasi, ndio wanaojua nani ni nani mtaani. Jimbo likiwaondoa askari wake, sheria ya taifa inabaki hai lakini inakwenda ikichechemea. Mwanya huo majimbo mengi yameuona.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoyalinda majimbo na miji inayokataa kuwasaidia maofisa wa uhamiaji. California ilipitisha sheria ya SB 54 mwaka 2017, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa iliiacha isimame. Sababu ni kwamba California haikuitangaza sheria ya uhamiaji kuwa batili, ilisema tu kwamba polisi wake hawataifanya kazi hiyo. Nimeitaja kwa makusudi. Mhamiaji anaweza kuipenda kanuni hii upande wa uhamiaji na kuichukia upande wa bunduki, au kinyume chake, lakini mti ni mmoja. Ukikatwa kwa sababu ya bunduki, kivuli cha mhamiaji kinakwenda pamoja nao.

Missouri yenyewe haikutosheka na kukunja mikono. Mwaka 2013 bunge lake lilipitisha mswada wa HB 436, ambao ungemfanya ofisa wa serikali kuu kuwa mhalifu kwa kutekeleza baadhi ya sheria za bunduki. Gavana Jay Nixon aliukataa. Baraza la Wawakilishi lilipata kura za kumpiku, Seneti ikakosa kura moja tu. Miaka minane baadaye, Juni 12, 2021, Gavana Mike Parson alitia saini mswada wa HB 85, Sheria ya Kuhifadhi Marekebisho ya Pili (yaani kipengele cha Katiba kinacholinda haki ya kubeba silaha), ambayo watu huiita SAPA. Hiyo ndiyo sheria wanayoizungumzia wenzako.

SAPA ilitaja makundi matano ya sheria, kanuni na amri za serikali kuu: kodi au ada maalumu juu ya bunduki, vifaa vyake na risasi, ile inayoweza kuwavunja watu moyo wasinunue, kusajili au kufuatilia bunduki, kusajili au kufuatilia wamiliki, kumkataza raia mtiifu wa sheria kumiliki, kutumia au kuhamisha silaha, na amri ya kumnyang'anya. Yote yaliyoangukia humo yalitangazwa kuwa ni uvunjaji wa haki ya kubeba silaha, kwamba ni batili ndani ya Missouri, hayatambuliwi na hayatekelezwi. Kisha likaja rungu: idara ya polisi ambayo mtumishi wake atavunja sheria hii kwa kujua ilipe dola 50,000 kwa kila tukio, na mtu binafsi aliyeguswa ndiye afungue kesi. Kinga ya serikali dhidi ya kushtakiwa iliondolewa. Hata kumwajiri mtu aliyewahi kuwa ofisa wa serikali kuu na kutekeleza sheria zile kulitozwa dola 50,000 kwa kila aliyeajiriwa.

Angalia maneno "raia mtiifu wa sheria", maana mtego uko hapo. Sheria ilimfafanua kuwa ni yule ambaye sheria ya Missouri haimkatazi kumiliki bunduki, na ikawatoa nje watu wasio nchini kihalali. Lakini orodha ya Missouri ya waliokatazwa ni fupi kuliko ya serikali kuu. Mtu aliyepatikana na hatia ndogo ya kumpiga mkewe, kwa mfano, amekatazwa na sheria ya taifa, ila Missouri haina katazo la namna hiyo. Basi kwa jicho la SAPA mtu huyo ni raia mtiifu, na polisi anayeisaidia ATF kumkamata anaitia idara yake hatarini kulipa dola 50,000.

Chukua ganda moja la risasi lililookotwa kwenye lami baada ya watu kufyatuliana. Kwa kawaida fundi wa polisi hulipiga picha kwa mashine maalumu, alama ya pini ya kufyatulia iliyobaki kwenye kitako cha ganda inaingizwa kwenye mtandao unaoendeshwa na ATF, na baada ya muda huenda ikaonekana kwamba bunduki hiyohiyo ilitumika mji mwingine. Je, kuingiza picha ile ni "kufuatilia bunduki"? Sheria haikusema wazi, na kila kosa lina bei. Mwanasheria wa mji mdogo akipiga hesabu anaona heri askari wakae kando. Mkuu wa polisi wa mji wa O'Fallon alijiuzulu mwezi uleule ambao sheria ilitiwa saini, akilalamikia maneno yake. Askari kadhaa wa jimbo na wa miji walitolewa kwenye vikosi vya pamoja na ATF. Kwa maoni yangu, huo upana wa maneno ndio uliokuwa na sumu kuliko faini yenyewe: askari hakujua mpaka uko wapi, kwa hiyo alirudi nyuma hatua kumi badala ya moja.

Idara ya Haki ya Marekani iliishtaki Missouri mwezi Februari 2022 katika mahakama ya wilaya ya serikali kuu. Machi 7, 2023, Jaji Brian Wimes aliitangaza SAPA kuwa batili yote, akawazuia maofisa wa jimbo kuitekeleza. Missouri iliomba hukumu isimamishwe wakati rufaa ikisubiri. Mahakama ya Juu ilikataa Oktoba 20, 2023. Jaji Clarence Thomas pekee ndiye aliyetaka ombi likubaliwe, na Jaji Neil Gorsuch, akiungwa mkono na Jaji Samuel Alito, aliandika maelezo mafupi akisisitiza kwamba zuio linawafunga Missouri na maofisa wake, si watu binafsi ambao hawakuwa kwenye kesi. Agosti 26, 2024, Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Nane, kwa kalamu ya Jaji Mkuu wake Steven Colloton, ilikubaliana na Wimes. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya Missouri. Hapo SAPA ilizikwa.

Msingi wa hukumu hauchukui kurasa nyingi. Kifungu cha Sita cha Katiba kinaifanya sheria ya taifa iliyotungwa kihalali kuwa kuu kuliko ya jimbo. Missouri ilijitetea kwamba yote iliyofanya ni kuondoa msaada wake, jambo ambalo kesi ya Printz inaliruhusu. Kanda ya Nane ilijibu: ni kweli mnaweza kuondoa msaada, lakini hamwezi kuuondoa kwa njia ya kuitangaza sheria ya taifa kuwa batili. Njia yenyewe nayo lazima iwe halali. Na kwa kuwa orodha ile ya makundi matano ndiyo iliyobeba sheria nzima, ilipoanguka ilianguka na vyote vilivyoegemezwa juu yake. Wimes alitaja pia faini ya kuwaajiri maofisa wa zamani: hiyo ni kuwaadhibu watu kwa kuwa waliitumikia serikali kuu, na jimbo halina ruhusa hiyo.

Kwa hiyo ukisikia kwamba mswada mpya umeletwa Missouri au kwingineko, usiulize kama unaitwa "hifadhi" au "ngome" ya Marekebisho ya Pili. Majina hayana maana. Tafuta vitenzi. Ukisema "askari na fedha za jimbo havitatumika kutekeleza sheria fulani", umejengwa juu ya Printz na una nafasi nzuri ya kusimama. Sheria ambazo Montana ilipitisha mwaka 2021 na Wyoming mwaka 2022 zimeelekea njia hiyo ya kuwazuia watumishi wa jimbo wenyewe. Ukisema "sheria hiyo ni batili hapa", unarudia kosa la SAPA. Na ukitishia kumkamata ofisa wa ATF, umekufa kabla ya kuzaliwa: tangu mwaka 1890, katika kesi iliyoitwa In re Neagle, Mahakama ya Juu imekuwa ikisema jimbo haliwezi kumshitaki ofisa wa serikali kuu kwa kutimiza kazi yake halali. Kaunti zinazojitangaza kuwa kimbilio cha bunduki ziko chini zaidi, maana juu yao kuna jimbo pia. Kaunti ya Columbia huko Oregon ilipiga marufuku utekelezaji wa sheria nyingi za bunduki, za taifa na za jimbo, na Februari 2023 mahakama ya rufani ya Oregon ikaliondoa agizo lake kwa kuwa mamlaka hayo yalikuwa ya jimbo.

Sasa kiwambo. Hili naomba ulisome mara mbili, kwa sababu yaliyotokea yalitokea Kansas, jimbo unalovuka kwenda kila siku.

Aprili 2013 Kansas ilipitisha sheria iliyosema kwamba bunduki, kifaa chake au risasi iliyotengenezwa Kansas na kubaki Kansas haiguswi na sheria ya taifa, na ofisa wa serikali kuu atakayeigusa atakuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Eric Holder, alimwandikia Gavana Sam Brownback mwezi uleule kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba. Kansas haikurudi nyuma. Katika mji mdogo wa Chanute, mwenye duka la vifaa vya kijeshi alitengeneza viwambo, akavipiga mhuri wa kuonyesha vimetengenezwa Kansas, akaviuza bila usajili. Mteja wake mmoja, askari wa zamani, alinunua kimoja akiamini sheria ya jimbo lake inamlinda, akakionyesha kwenye video mtandaoni kwa sababu hakuona la kuficha. Wote wawili walishitakiwa katika mahakama ya serikali kuu na kupatikana na hatia. Walipewa kifungo cha nje, kwa kuwa hakimu aliona walidanganywa na sheria ya jimbo. Lakini hatia ilibaki hatia. Oktoba 2018 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Kumi ilikataa utetezi wao: jimbo haliwezi kukupa ruhusa ya kuvunja sheria ambayo si yake, na kuiamini kwako hakukuondolei kosa. Mahakama ya Juu ilikataa kuwasikiliza mwaka 2019.

Katika kesi ile Kansas iliingia mahakamani kuitetea sheria yake. Haikuwabebea watu wake hukumu. Na kosa kubwa la jinai la serikali kuu humwondolea mtu haki ya kumiliki bunduki yoyote, kwa hiyo waliotaka kifaa cha bunduki ndio waliojikuta hawaruhusiwi bunduki.

Hoja ya "kimetengenezwa hapa, kimebaki hapa" ilishindwa pia kwa Montana. Sheria yake ya mwaka 2009 ilikuwa imejengwa kuzunguka bunduki ndogo ya .22 iliyoitwa Montana Buckaroo, na mwaka 2013 Kanda ya Tisa ilisema Congress inaweza kudhibiti hata bidhaa isiyovuka mpaka, ikiwa biashara ya namna hiyo ikijumlishwa inagusa soko la taifa. Ni mantiki ileile ambayo Mahakama ya Juu iliitumia mwaka 2005 kwa bangi iliyopandwa nyumbani California. Texas nayo ilitunga sheria ya viwambo vya kwake mwaka 2021. Mwaka 2024 Kanda ya Tano iliitupa kesi yake bila hata kuingia kwenye hoja, kwa kuwa waliofungua hawakuonyesha madhara yanayowapa haki ya kushitaki. Kutupwa kwa kesi si ruhusa ya kutengeneza.

Na kuna jambo ambalo mwuzaji wa maneno hatakwambia: Missouri yenyewe, katika kifungu cha 571.020 cha sheria zake, inafanya kosa la jinai kumiliki kiwambo kinyume cha sheria ya taifa. Jimbo lililokuwa likipiga kelele lina kitanzi chake kabatini. Ukitaka kiwambo, nenda kwa muuzaji mwenye leseni, jaza Fomu 4 ya ATF, toa alama za vidole na picha, subiri idhini, ndipo ukichukue. Tangu Januari 1, 2026 kodi ya dola 200 imeshuka hadi sifuri kwa viwambo, na watu wengi wamechanganya hapo wakidhani usajili nao umeondoka. Haujaondoka. Adhabu ya kuwa nacho bila usajili hufika miaka 10.

Bastola. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, ukiwa na miaka 21 kwa muuzaji mwenye leseni. Nunua Missouri unakoishi, maana bastola haiuzwi dukani kwa mkazi wa jimbo jingine. Beba kitambulisho cha serikali chenye picha na anwani unayokaa sasa. Ukihama na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani, ongeza hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kama usajili wa gari. Sanduku la posta halikubaliwi. Kwenye Fomu 4473, ile ya serikali kuu ambayo mnunuzi huijaza dukani, andika nchi ya uraia wako na ile namba ya uhamiaji iliyo kwenye grini kadi. Hapa tahadhari kubwa: usiweke alama kwamba wewe ni raia wa Marekani, hata kwa haraka, hata muuzaji akikuhimiza. Kusema uongo kwenye fomu ile ni kosa la hadi miaka 10, na kujidai raia ni sababu ya kufukuzwa nchini inayojitegemea, ambayo ni ngumu sana kuitengua.

Muuzaji atawauliza FBI wakuchunguze, na jibu lao litakuja "endelea", "subiri" au "amekataliwa". Likija "subiri" na siku tatu za kazi zikapita bila uamuzi, muuzaji anaruhusiwa kukukabidhi lakini halazimiki. Wengi wenye majina ya kwetu hukutana na "subiri", kwa sababu jina moja huandikwa kwa namna tatu kwenye hati tofauti. Andika jina kama lilivyo kwenye grini kadi, herufi kwa herufi.

Kununua kwa mtu binafsi kunawezekana Missouri, na jimbo halidai uchunguzi. Lakini mfanyakazi mwenzako akiwa anakaa ng'ambo ya State Line Road, upande wa Kansas, hawezi kukuuzia mkono kwa mkono hata kama nyumba zenu zinatazamana. Lazima bunduki ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Barabara moja tu, na hatua kumi zinageuza biashara halali kuwa kosa la serikali kuu.

Bangi ni eneo jingine la mtego wa namna hii. Missouri iliihalalisha kwa kura ya Novemba 2022, lakini sheria ya taifa bado inamkataza anayeitumia kinyume cha sheria hiyo kumiliki bunduki, na fomu inaonya hivyo waziwazi. Baadhi ya mahakama za rufani zimekwisha kupunguza makali ya kifungu hicho. Hoja hizo ni za wakili mbele ya jaji, usizipeleke kaunta ya duka. Vivyo hivyo ukiwa umewahi kupewa amri ya mahakama ya kutomkaribia mkeo au mwenzi wako, au hatia ndogo ya ugomvi wa nyumbani: usinunue kabla ya kumwona wakili. Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu ililithibitisha katazo linalotokana na amri za namna hiyo kwa kura 8 dhidi ya 1.

Kuna moja linalowakamata madereva. Missouri inaruhusu kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, na Kansas vilevile. Lakini sheria ya taifa inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 305, na ruhusa yake kwa mbebaji inamhusu mwenye kibali kilichotolewa na jimbo lile ambalo shule iko. "Jimbo halidai kibali" si kibali. Missouri sherifu wa kaunti yako anaweza kukupa, na mwenye grini kadi hazuiwi kuomba. Ng'ambo ya Kansas kibali hicho cha Missouri hakikuokoi mbele ya kifungu hiki. Kabla ya kuvuka, toa risasi, ifungie bastola kwenye kasha lenye kufuli. Gari la vifurushi hupita karibu na shule mara ngapi kwa siku? Na muulize mwajiri wako kabla ya yote, maana kampuni nyingi hukataza silaha ndani ya gari la kazi.

Kwako wewe mwenye grini kadi uzito ni maradufu. Hatia ya kununua, kuuza, kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria, iwe ya jimbo au ya taifa, inamfanya asiye raia kuwa mtu wa kufukuzwa nchini, hata kama amekaa miaka 20 na hakufungwa hata siku moja. Mwenzako raia akiiga maneno ya SAPA anahatarisha kifungo. Wewe unahatarisha kifungo na makazi.

Mwisho binamu. Sheria ya taifa inamkataza aliyeingia kwa visa ya muda, ya masomo, utalii au kazi, kuwa na bunduki au risasi, na tangu Juni 2022 adhabu yake hufika miaka 15. Mwanafunzi kutoka Falme za Kiarabu alikamatwa baada ya kulenga shabaha uwanjani huko Florida, na kesi yake ilifika Mahakama ya Juu. Mwaka 2019 mahakama ilisema lazima upande wa mashitaka uthibitishe kwamba mtu alijua hali yake ya uhamiaji. Msiichukue vibaya hukumu hiyo. Binamu yako anajua visa yake ni ya aina gani, na kutojua sheria yenyewe si utetezi. Kuna pia kosa lako wewe: kumkabidhi bunduki mtu unayejua amekatazwa, hata kwa raundi moja ya shabaha, nako adhabu hufika miaka 15.

Leseni ya uwindaji ikiwa hai inamtoa kwenye katazo hilo. Ikiisha muda, katazo linarudi siku hiyohiyo, kwa hiyo asome tarehe kabla ya kila safari, na nakala aibebe. Asipokuwa nayo, nyumbani bastola ikae kwenye kasha ambalo yeye hawezi kulifungua, maana "kumiliki" mbele ya sheria ni pamoja na kuwa na uwezo wa kuichukua unapotaka. Namba ya siri usimtajie, na ufunguo uutie kwenye mkufu au pochi yako, usiuache kwenye kikombe juu ya friji.